Laini mpya ya vifaranga

Mama yangu mzazi amenitangaza mkora!

Asubuhi nimetumia wateja, mama akiwemo, meseji na laini mpya niliyonunua ya biashara tu: "Vifaranga vimefika Boito. Kujeni mchukue leo."

Hakuna hata mmoja amekuja.

Saa saba, mama anaandika kwa grupu ya kanisa: "Wapendwa, wakora wamerudi, sasa wanajifanya wanauza vifaranga. Blokini hii namba."

Watu wakajibu Amina. AMINA, jameni!

Nikampigia na laini yangu ya zamani. "Mama, hiyo namba ni yangu."

"Ushindwe! Mmeiba laini ya mtoto wangu, mpaka sauti yake?"

Akakata.

Mnaotuma meseji inayoonyesha jina la duka badala ya namba, wateja wanaamini? Nijibuni hapa hapa, juu laini zangu zote mbili sasa zinaombewa.