Nyuso Alizoziacha Avis

Clem Hardstaff alikuwa na jeshi kabatini, na jeshi lenyewe lilikuwa uchi.

Ndivyo walivyosema watu wa kilabu, wazee wanaocheza vita vya mezani kwa visanamu vya askari. Askari ambaye hajapakwa rangi yuko uchi, na aliye uchi hapandi mezani kupigana. Wa Clem walikuwa Wafaransa wa miguu, wa zama za mizinga na farasi, kila mmoja hafikii urefu wa kidole gumba. Walikaa kwenye maboksi ya viatu tangu karakana ilipofungwa.

Kabla ya karakana ulikuwepo mgodi wa makaa. Clem aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na mitano, kama baba yake. Mgodi ulipofungwa akapata kazi kwenye karakana ya kumimina askari hao, madini ya moto ndani ya kalibu, kutwa. Nayo ikafungwa. Siku ya mwisho tajiri alimwambia achukue anachotaka, maana mshahara wa mwisho ulikuwa haupo. Akachukua kikosi kizima.

Kuwapaka ndiko kulikomshinda. Miaka ya kushika mashine ya kutoboa mwamba ilimwachia vidole vinavyogeuka vyeupe baridi ikiingia. Havihisi kitu. Vinatetemeka. Koti la askari angeliweza kwa taabu. Uso, hapana.

Nyuso zilikuwa za Avis, mkewe. Avis alikuwa mrekebishaji wa lesi, kitambaa chepesi cha nyuzi, kiwandani Nottingham, Uingereza. Uzi ukikatika mahali ambapo wewe na mimi hatuoni hata tundu, yeye alilikuta na kuliziba, na mnunuzi asijue. Kifua kilipomshika na kumkalisha kitini dirishani, alichoka kutazama barabara. Akasema, "Niletee hao watu wako wa kabatini."

"Wa nini?"

"Wewe utawavisha. Mimi nitawapa macho."

Akawapa macho. Wote aliwapa ya buluu. Desmond Oscroft, Des kwa wenzake, rafiki wa Clem tangu mgodini, alikuja kumjulia hali akaguna. "Avis, dada yangu, Wafaransa wote hao macho ya buluu?"

"Hawa si Wafaransa," Avis akasema. "Hawa ni wangu."

Alifika nusu ya kikosi. Wa mwisho alikuwa mshika bendera. Alimaliza jicho la pili, akaweka brashi kwenye kikombe, akasema mkono umechoka, ataendelea kesho. Ilikuwa mwezi wa Mei. Clem alirudisha maboksi kabatini, akafunga. Waliokuwa na nyuso aliwaweka peke yao ndani ya kopo la biskuti.

Majira ya joto yakapita, hajatoka. Hakwenda kilabu. Hakukata majani ya uani. Alikula mkate na samaki wa kopo, amesimama.

Mwezi wa Oktoba Des alimjia na mvua.

"Fungua, mzee! Nanyeshewa kama mbwa aliyefukuzwa."

"Mlango uko wazi."

"Uko wazi, na ndani kunanuka soksi." Des akaketi bila kuambiwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja. "Sikiliza. Nina wapanda farasi wangu wa Kijerumani, wale wa Prusia, wako uchi tangu nilipokuwa na nywele. Na wewe una Wafaransa wako. Tushindane. Mpaka Jumamosi ya Pasaka."

"Sitaki."

"Najua hutaki. Kila mwisho wa mwezi tunaonyeshana ukumbini tulichopaka. Pasaka tunapigana. Yeyote atakayekuwa bado na watu walio uchi, anampa mwenzake. Wanakuwa wa huyo mwenzake kabisa."

"Na aliyevaa koti, ila hana uso?"

"Asiye na uso yuko uchi. Tusidanganyane." Des akanyoosha shingo kulitazama kopo la biskuti. "Ila hao wa Avis, nikuambie ukweli, rangi ni nene kidogo. Watumbukize kwenye dawa ile ya kuua vijidudu, uwaache walale humo, asubuhi uwasugue kwa mswaki. Wanarudi madini matupu. Unaanza upya."

Clem alimtazama. "Ukiligusa hilo kopo nitakuvunja mkono."

"Basi, bwana, basi. Nilikuwa nasema tu."

"Umekwisha sema. Nimekubali. Nenda nyumbani."

Alikubali ili Des aondoke. Mlango ulipofungwa ndipo alipoelewa alichokikubali. Nusu ya kikosi haina nyuso, na aliyekuwa akizitia yuko makaburini nyuma ya kanisa. Na Clem hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa neno lake. Mgodini, anayerudi nyuma kwa neno lake hakai na wenzake chakulani.

Akaanza makoti.

Alipaka kama walivyofanya kazi chini mgodini, tabaka moja kwa wakati. Buluu ya makoti kwa wote, ndipo nyeupe ya mikanda kwa wote, ndipo kahawia ya bunduki. Aliegemeza kiganja kwenye ukingo wa meza, akashika pumzi, akavuta mstari mmoja, akapumua. Vidole vikigeuka vyeupe alivibana kwapani mpaka damu irudi. Wa Avis aliwashika kwa vitako vya chini ya miguu tu. Wakati mwingine aliwaweka mbele yake wakimtazama, akaona haya, akawageuza.

Mwisho wa Novemba alipeleka safu ya kwanza kwenye ukumbi wa kanisa. Wazee walizunguka meza na vikombe vyao vya chai.

"Ohoo! Clem yu hai," mmoja akasema.

"Na kashika brashi," Des akasema. "Ukiona buluu mpaka kwenye buti usicheke, mgonjwa wangu huyu."

"Farasi wako wako wapi?" Clem akauliza.

"Mmoja amekwisha. Tena ni mwekundu."

"Farasi mwekundu."

"Aliona haya aliposikia anakuja kupigana na wewe."

Walicheka. Clem hakucheka, lakini alikunywa chai yote, na mtu alipomwekea kipande cha pai ya nguruwe alikila.

Mara moja tu, mwezi wa Januari, alijaribu uso. Alichagua askari wa safu ya nyuma, asiyekuwa na thamani kwa mtu. Ngozi ilikaa vizuri. Alipofika kwenye jicho, mkono uliruka. Doa likakaa shavuni. Alifuta, akarudia, likakaa puani. Askari yule alitazama dunia kama mtu aliyepigwa teke na farasi. Clem akamfuta kwa kitambaa mpaka madini yakaonekana.

Siku hiyo aliamua. Wasio na nyuso atampa Des Jumamosi ya Pasaka, wote, bila ugomvi. Wa Avis atabaki nao. Aliona ni hesabu nzuri. Kilichobaki ni kuwalinda hao, kwa kuwa vita vya mezani ni vita vya vidole. Wazee wanawashika askari, wanawasukuma, wanawalaza, mikono ina jasho na mafuta ya soseji. Rangi bila vanishi ya kuifunika haidumu, na cha kwanza kutoka ni pua na macho.

Akanunua kopo la vanishi ya kupuliza.

Kila mtu wa kilabu anajua: vanishi hiyo haipulizwi penye unyevu. Clem alijua pia. Lakini mvua ilikuwa imenyesha tangu Februari ianze, Machi ikaingia nayo, na Pasaka hiyo ilikuwa ya mapema. Ndani ya nyumba palikuwa pakavu. Ila Avis hakuruhusu kitu cha kupuliza ndani, harufu ilimkaba. Clem alisimama sebuleni na kopo mkononi. Akatazama kiti cha dirishani. Akatoka kwenda bandani.

Aliwapanga juu ya ubao, nyuso mbele. Akapuliza. Mshika bendera, kwa kuwa alikuwa wa mwisho wa Avis, akampulizia mara mbili. Akafunga banda, akaenda kuchemsha maji.

Aliporudi walikuwa weupe.

Weupe wa umande ulioganda. Koti, mkanda, uso, vyote vimefunikwa ukungu mmoja. Alidhani ni macho yake. Akamchukua mmoja, akamsogeza dirishani, akapangusa kwa kidole. Haukutoka. Akamchukua mwingine. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na hapo ndipo Des alipomkuta.

Des alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika kofiani. Akawaona wale askari kabla ya kumwona Clem.

"Lo! Ndio kwanza wanarudi kutoka Urusi hawa. Umewapa na theluji kabisa?"

Clem alimpangusa mwingine kwa kidole.

"Clem?"

"Sioni nyuso zao, Des."

Des akavua kofia. Aliinama kwenye ubao kwa muda, anahema kwa kishindo kama watu wote waliofanya kazi chini. "Ulipuliza na mvua hii," akasema pole pole.

"Nilipuliza."

"Kwa nini hukuwapulizia ndani, ndugu yangu?"

"Hapendi."

Des alikung'uta maji kofiani. Akaitundika kofia kwenye msumari. "Mafuta," akasema. "Nimeona mtu akiwarudisha kwa mafuta ya zeituni. Unapaka kidogo kwa brashi, yananyonywa, ule ukungu unaondoka. Unayo?"

Nyumba nzima ilikuwa na mafuta hayo mahali pamoja tu. Chumbani, droo ya upande wa Avis, chupa ndogo ya duka la dawa, ile ya kudondoshea masikioni. Dropa, kile kimrija cha kudondoshea, ilikuwa bado ndani. Clem alikuwa hajaifungua droo hiyo tangu Mei. Akaifungua, akatoa chupa, akaifunga, bila kutazama kingine.

Walikaa jikoni wawili, kila mtu na brashi. Des, mwenye vidole kama soseji, alipaka huku ametoa ulimi. Koti la kwanza likarudi buluu. Halafu, taratibu, shavu. Halafu jicho.

"Huyu hapa," Des akanong'ona. "Ananitazama, mpumbavu huyu."

Walirudi mmoja mmoja, wengine na macho maangavu, wengine kama wanaotazama kutoka nyuma ya kioo chenye mvuke. Wote walirudi isipokuwa mshika bendera. Bendera ilirudi, buti zikarudi. Uso, uliokula vanishi mara mbili, ulibaki kama mfupa. Walipaka mafuta mpaka chupa ikaisha.

"Yule mwacheni hivyo," Clem akasema, kana kwamba ndani mna watu wengi. Alikuwa akisema na brashi yake.

Jumamosi ya Pasaka ukumbi ulijaa. Farasi wa Des walikuwa wamemalizika, wekundu wote, na kila aliyepita alimsalimia kwa mlio wa farasi. Clem aliwapanga wa Avis mezani, kando ya mto wa maji uliokatwa kwa karatasi. Hao wengine, wenye makoti bila nyuso, waliingia ukumbini ndani ya boksi la viatu na kuwekwa chini ya meza. Mshika bendera alisimama mwisho wa safu. Hakuna aliyesema neno juu yake.

Wazee wa kilabu wana imani moja: kikosi kilichopakwa rangi juzi hakimalizi vita vyake vya kwanza. Mpya hufa. Walimwambia Clem, naye akasema anajua. Des alisogeza mizinga, akatupa dadu.

"Sikutaka hivyo," akasema alipoziona.

"Dadu ni dadu. Hesabu."

Des akahesabu. Clem akawatoa mmoja mmoja, akawalaza kwenye kopo la biskuti. Vita havikufika saa ya chai. Waliobaki kando ya mto walikimbia, kama ilivyotakiwa na kanuni, na mshika bendera akawa wa mwisho kutolewa.

Clem akainama, akaliweka boksi la viatu mezani mbele ya Des. "Wako hawa."

"Ah, acha mchezo. Rudi nao nyumbani."

"Tulikubaliana."

"Nilisema vile utoke kitandani, mzee! Mimi nitawafanyia nini?"

"Watie macho. Rangi yoyote unayotaka."

Des alilitazama boksi. Akalivuta upande wake, kwa vile alimjua Clem. Ndipo macho yake yakaenda, bila yeye kutaka, kwa mshika bendera mkononi mwa Clem. Asiye na uso yuko uchi. Yeye ndiye aliyesema.

Clem alifunga kiganja. "Huyu sikupi."

"Sikukuomba."

"Najua kanuni."

"Clem. Sikukuomba."

Clem akachukua kopo lake kwapani, mshika bendera akamtia mfukoni, akatoka bila kungoja chai.

Njia ya nyumbani hupita ukuta wa makaburi, halafu uwanja ulipokuwa mgodi, sasa nyasi tu. Manyunyu yalianza. Alitembea mkono mfukoni, kidole gumba juu ya uso wa yule askari, akiusugua, kama mtu anavyosugua sarafu. Hakujua kwamba anausugua. Vidole vilikuwa vimekwisha kufa kwa baridi.

Jikoni akawasha taa, akamtoa.

Weupe ulikuwa umeondoka. Mafuta yalikuwa yameulainisha, na kidole kikaumalizia. Chini ya weupe ule kidole kilikuwa kimechukua na pua, na mdomo, na upande wa kushoto wote pamoja na jicho lake, mpaka madini yanang'aa. Lilibaki jicho moja, la kulia. La buluu. Safi kabisa, kama siku ile dirishani.

Alimtazama muda mrefu. Brashi zilikuwa pale pale kikombeni, na hakuigusa hata moja. Alifungua kopo la biskuti, akamweka juu ya wenzake, jicho juu, akafunika.

Halafu akaenda kunawa. Mikononi alikuwa na alama za buluu tangu ujana, vumbi la makaa lililoingia chini ya ngozi kila alipoumia mgodini, haziondoki. Alisugua kidole gumba kwa sabuni. Weupe ukatoka, mafuta yakatoka. Kwenye mkunjo wa ukucha kulibaki mstari mwembamba wa buluu nyingine, mpya.

Huo hakuusugua. Akafunga bomba.