Wimbo wa Kupokea Mitumbwi

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, alipofariki, nilibaki peke yangu niliyeujua wimbo wa kupokea mitumbwi. Zamani mama zetu waliucheza kando ya maporomoko kila wanaume waliporudi na samaki. Mmoja alitaja jina la babu, wengine wakajibu alitoka wapi na alifanya nini. Magoti yanakunjwa, mikono inachota maji. Mimi nilikuwa wa kutaja, yaya wa kujibu.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Maniema, alikuja nyumbani.

"Mama, tunaandaa sikukuu ya utamaduni. Tufundishie wasichana ngoma yenu."

Nilifurahi mno. Kwa majuma matatu nilikwenda shuleni kila mchana. Wasichana waliishika miguu haraka, lakini lugha yetu iliwakataa. Wamekulia katika Kiswahili na Lingala. Wengine wazazi wao ni wa Opala, wengine wa Ubundu. Kila wakijaribu kujibu, walivunjika kwa kicheko.

"Bon, Koko," akasema mmoja, kama wanavyowaita bibi zao, "sisi tutapiga makofi, wewe utaimba yote."

Nikakubali.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Nilitaja babu wa kwanza, nikanyamaza. Wasichana wakapiga makofi. Nikataja wa pili, nikanyamaza tena, maana mdomo wangu umezoea hivyo tangu usichana. Watu wakadhani tumemaliza, wakashangilia. Niligeuka kushoto, upande aliokuwa akisimama yaya. Nikaona spika kubwa na nyaya zake.

Mwalimu alinisogelea. "Mama, umesahau?"

"Sijasahau. Nangoja kujibiwa."

Nikamwomba maikrofoni, nikaanza kueleza kwa Kiswahili. Nilisema babu wa kwanza alifika hapa na mke wake, akayaogopa maji, akakaa misimu miwili akiyatazama tu, kabla ya kuthubutu kusimika mti wa kwanza wa mitego kwenye mawe. Watu wakacheka. Katika wimbo hakuna aliyewahi kucheka mahali pale. Nikaendelea na wa pili, na wa tatu, wasichana wakicheza taratibu nyuma yangu. Kila mtu alielewa kila neno. Tulipigiwa makofi mengi, mwalimu akanishika mikono miwili, akashukuru sana.

Nilirudi nyumbani kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli, bado nimevaa shanga za ngoma. Nikaanza kumenya makemba, ndizi za kuchemshwa na kupondwa kuwa lituma, na kwa mara ya kwanza nikajaribu kuimba sehemu ya yaya, kwa lugha yetu, kwa sauti. Wimbo wa babu wa kwanza ulitoka. Wa pili pia. Nilipofika kwa wa sita, nikakwama. Kisa chake nakijua, lakini maneno yenyewe ya wimbo sikuwahi kuyaweka mdomoni. Maisha yangu yote nilikuwa nikiyasikiliza tu.

Nilirudia kumtaja mara tatu. Kisha nikaweka sufuria motoni.