Mchicha Wangu na Mrija wa Ndege

Bustani yangu ndiyo iliyokuwa inaziba mrija wa ndege. Nilikana jambo hili kwa misimu mitatu ya kiangazi, tena kwa Kiswahili fasaha, maana shahada yangu ya lugha ilibidi inifae mahali.

Nilikuwa karani kwenye kiwanja kidogo cha vumbi nje ya Mpanda, ambako ndege yetu ya abiria tisa ilitua asubuhi na kuondoka alasiri. Fundi aliikagua kabla haijaruka, mimi nikajaza kitabu cha hitilafu. Chini ya bawa kuna mrija mwembamba unaopokea upepo ili rubani ajue mwendo wake. Ukizibwa, ndege hairuki. Nao ulizibwa kila mara: nyigu walijenga humo nyumba zao za udongo. Niliandika hitilafu hiyo hadi nikaanza kuipamba. "Mrija umezibwa." "Mrija umezibwa tena." "Nyigu, kama ilivyo ada yao, wamehamia."

Lawama zilimwangukia mlinzi, mzee wa Katumba, ambaye kazi yake ilikuwa kuuvika mrija kifuniko chekundu. Kwanza ilimbidi asubiri upoe, kwa kuwa angani hupashwa moto usigande barafu, na hutua ukiwa bado unaunguza. Katika dakika hizo chache nyigu alikuwa ameshaingia. Ofisi kuu ikaleta barua: mrija ukikutwa umezibwa mara moja tena, mzee atafute kazi nyingine.

Siku ile ile fundi alilivunja kiganjani donge la udongo alilolitoa mrijani, akalinusa.

"Dada, udongo wa hapa kiwanjani ni mwekundu. Huu mweusi, halafu una samadi."

"Nyigu wanasafiri," nikamjibu.

"Wanasafiri hatua ishirini," akasema mlinzi, macho yake kwenye matuta yangu ya mchicha na matembele nyuma ya ofisi.

Kiangazi hukausha kila kitu huku kwetu, lakini mimi nilimwagilia asubuhi na jioni. Samadi niliifuata kwa baiskeli hadi Mwamkulu, kwa wafugaji wa Kisukuma, na niliisifia kuliko walivyoisifia wenyewe. Kwa hiyo tope bichi karibu na kiwanja lilikuwa moja tu, na mwenye nalo nilikuwa mimi.

"Mzee, unauonea mchicha."

"Mchicha wako nimeula sana, mama, sina ugomvi nao. Tope lako ndilo linanifukuza kazi. Si nyie wasomi mnataka ushahidi? Tutie chokaa."

Chokaa ilikuwepo, ile ya kupaka mawe kando ya njia ya ndege. Tukakubaliana: wataichanganya kwenye tope la pembeni mwa matuta, na ndege ikitua fundi atakaa chini ya bawa na kutazama. Nyigu akileta udongo mweupe, barua ya kumtetea mzee naandika mimi, na bustani inahama. Nilikubali haraka, kama mtu anayekubali kupigana akijua ana safari. Kesho yake nilikuwa naenda Kapalamsenga, kwenye harusi ya binti wa dada yangu.

Siku ya tatu simu ikaita. Mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye chanja za dagaa, nami nilikuwa nimesimama hapo tangu asubuhi, nikisingizia kupunga upepo.

"Dada, kaa chini," alisema fundi. "Ndege imetua, tumekaa kimya kama tuko kanisani. Kaja mmoja na donge lake, kaingia mrijani. Nimeshalitoa."

"Rangi gani?"

"Subiri, mwenyewe anataka kukwambia."

Wakapokezana simu. Nikasikia kikohozi, kisha mzee akapaza sauti kana kwamba Kapalamsenga ni Ulaya:

"Mama! Mweupe! Mweupe kama sembe!"

Nyuma yake fundi alikuwa anacheka na rubani anapiga makofi. Nami nikacheka, mpaka akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa wakauliza kama nimepata mchumba.

"Mzee, mwambie fundi aandike kitabuni: mrija umezibwa na karani. Barua yako naileta mwenyewe kesho."

"Kuandika ni kazi yako, mama, hatukuingilii. Wewe njoo na dagaa tu. Mchicha tumeshaung'oa, uko jikoni."