Mluzi Mmoja Rudi, Miwili Simama

Siku hizi malori huingia kinyumenyume katika yadi ya mbao, na madereva huchomoza vichwa madirishani kama kobe, wakisikiliza kitu ambacho hakipo.

Kitu hicho ni mluzi wa mlinzi wa lango, waliyempachika jina la Mzee Mluzi. Mmoja: rudi. Miwili: simama. Aliupitisha katikati ya meno ya mbele, yaliyopandana kama kondoo mlangoni pa zizi. Meno hayohayo yakaanza kumtoboa fizi, mpaka mkewe akamkokota kwa madaktari wawili wa meno.

"Nafasi ya kuyapanga hakuna," akasema daktari wa kwanza. "Tung'oe manne, ndipo tufunge waya wa kuyanyoosha."

"Tufunge waya kwanza, tuone," akasema wa pili. "Jino likishang'olewa halirudi."

Mzee Mluzi alitoka kichwa kimejaa nyuki. Wote wawili wamesoma, wote wawili wametazama picha ileile ya meno. Amwamini nani?

"Ng'oa, baba watoto, upumue," mkewe akamwambia.

"Na mluzi wangu?"

"Huo mluzi ndio utakaokuzika?"

Madereva nao: "Usithubutu, mzee! Ukiwa kibogoyo utatusimamisha kwa kikohozi?"

Basi akachagua kungoja. Waya kwanza, kung'oa baadaye, ikibidi. Aliona ameukoa mluzi.

Asubuhi aliyorudi kazini na waya mdomoni, lori likaingia kinyumenyume. Akakaza midomo apige miwili. Ikatoka pumzi tupu, fyuu, kama tairi lililochomwa msumari. Na katika yadi ile, usiposikia miwili, unaendelea. Dereva akaendelea. Nguzo ya lango ikalala chali.

"Mzee, mbona ulinyamaza?"

"Nilipiga!"

"Ulipiga wapi, moyoni?"

Wengine wakacheka. Yeye alisimama ameshika shavu, asielewe. Meno yote yamo, hata moja halijatoka. Mluzi ndio uliotoka. Alikuwa akingoja nini, basi? Na waya ukifunguliwa, utarudi, au utakuta meno yamenyooka na upenyo wake umezibwa?

Alimuuliza daktari wa pili. Huyo akapima, akakuna kidevu. Nafasi bado haitoshi. Ya mluzi hakuwahi kuyasoma popote.

"Uamuzi ni wako, mzee."

"Wangu tena?"

Langoni sasa yupo shemeji yake, na filimbi ya plastiki shingoni. Mzee Mluzi yuko kwenye benchi la kliniki, akingoja kuitwa kung'olewa jino la kwanza kati ya yale manne.