Mwaka Mume Wangu Aliposomea kwa Mjane

Sitadanganya kwamba nilikuwa mke mvumilivu. Mwaka ule mume wangu alipokuwa akitafuta cheti cha kuongoza gari moshi, wivu ulinikaba mpaka nikakonda, na majirani wakadhani nina minyoo.

Tulikuwa tunakaa Kalemie, ambayo bado ilikuwa ikiitwa Albertville, katika kampi ya wafanyakazi wa reli. Uhuru ulikuwa umekuja, wazungu wengi waliokuwa wakiongoza mashine walikuwa wamekwenda zao, na kampuni ikatangaza kwamba mtu yeyote mwenye miaka kadhaa ya kutia makaa anaweza kufanya mtihani wa umashinisti. Mume wangu alikuwa mtia makaa. Alikuwa akirudi kutoka safari za Kongolo mweusi tii, meno tu yakionekana, amechoka hata kunisalimia hawezi. Umashinisti maana yake ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, na mshahara wa mtu anayeheshimika. Lakini kampuni ilisema wazi: nafasi ni mbili. Ukianguka mara mbili, utabaki na koleo lako mpaka uzeeke.

Mara ya kwanza alianguka. Nami sikushangaa, maana niliona alivyokuwa anasoma. Alikuwa anajilaza kwenye mkeka na kitabu cha sheria za reli juu ya tumbo, anaanza ukurasa wa kwanza, anausoma kwa sauti kama padri, na kabla hajafika wa tatu anakoroma. Kesho yake anaanza tena ukurasa wa kwanza. Ukurasa ule aliujua kuliko jina la mama yake. Siku ya mtihani mkaguzi akafungua kitabu katikati, akamuuliza, na mume wangu akaanza kumjibu kwa ukurasa wa kwanza. Alirudi nyumbani akakaa nyuma ya jiko, hakula.

Njo hapo jina la yule mjane lilipoingia nyumbani kwangu. Jina lenyewe sitalitaja, hata leo sipendi kulitamka. Marehemu mume wake alikuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kushika mashine kwenye reli yetu, akafa kwa ugonjwa wa kifua. Mke akabaki kampini kwa kaka yake, fundi wa depo, nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuwa amesoma kwa masista huko Kongolo, Kifaransa anakijua, na watu walisema njo yeye aliyemsomesha marehemu mpaka akapata cheti. Mume wangu akaenda kumwomba amsaidie. Hakuniuliza. Aliniambia amekwisha kwenda.

Mimi ni mtoto wa ziwa. Baba yangu alikuwa mvuvi kutoka kaskazini, na mimi mwenyewe nilikuwa nauza ndakala, dagaa wetu wa ziwa, sokoni. Kusoma sikujua. Basi fikiria: mume wako anatoka kazini, anaoga, anavaa shati safi, shati ambalo umelifua wewe, halafu anaelekea nyumba ya nne kukaa na mwanamke anayejua kusoma. Na mwanamke mwenyewe si mzee, ngozi inang'aa, shingo ndefu. Mume wangu akimwita Mama, ati kwa heshima. Mama gani, miaka thelathini hajafikisha!

Wiki ya kwanza nilimeza. Wiki ya pili nikachukua kinu changu na sombe, yale majani ya muhogo, nikawafuata. Nilitaka niwafumanie, haki ya Mungu. Niliwakuta barazani, kweupe, kaka mtu akitengeneza baiskeli pembeni. Kitabu kilikuwa kimefungwa, kimewekwa chini. Mume wangu, dume zima, alikuwa anamenya karanga. Mjane akanipa kigoda, akanikaribisha kwa adabu zote, nikazidi kumchukia.

Nikakaa nikitwanga sombe langu, masikio wazi. Yule mwanamke hakuwa anafuata kitabu. Anauliza jambo la mwisho, anarukia la katikati, anarudi la mwanzo. Ukiwa mlimani na maji ya birika yamepungua, unafanya nini? Ishara imezimika na ukungu umeshuka, unafanya nini? Jambo ambalo mume wangu alikosea, halisemi tena siku ile. Analiacha, kesho kutwa analitupa ghafla katikati ya habari nyingine, wakati mtu amejisahau. Na karanga zile zilikuwa na maana: ati kwenye mashine mikono haipumziki, basi mtu ajifunze kufikiri huku mikono ina kazi. Kisha anamgeuzia kibao, anamwambia, mimi sasa ni mtia makaa mpya, sijui kitu, nieleze. Mume wangu anaeleza. Akibabaika, mjane anamwambia hilo hujalielewa, umelikariri tu. Na alikuwa anamfukuza wakati mtu bado ana hamu. Mume wangu anasema tuendelee kidogo, yeye anainuka kwenda kuchota maji.

Walikuwa wanacheka pia. Hicho njo kilichoniuma. Mume wangu mimi nyumbani alikuwa bubu, nilidhani amezaliwa hivyo. Miaka saba ya ndoa hajawahi kunieleza birika liko wapi katika mashine. Pale barazani alikuwa anaongea mpaka povu linatoka mdomoni, na yule mwanamke ameinamisha shingo yake ndefu, anasikiliza.

Nikasema, basi na mimi nitamsomesha. Maswali nilikuwa nimeyashika, kichwa changu si kibovu. Asubuhi moja anakunywa chai nikamtupia moja, la ishara na ukungu. Akacheka, akajibu haraka haraka, akarudi kwenye kikombe chake. Nikamwambia arudie, sikuridhika.

"Wewe utajua namna gani kama nimejibu sawa?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema leo kuna jua. Nikaondoa kikombe chake kabla hajamaliza, nikaenda kukiosha nje, na nilikiosha kwa muda mrefu sana.

Mwezi wa mwisho wakaingia kwenye filimbi. Mkaguzi atampandisha mtu kwenye mashine na kumwambia apige ishara zote, ya kuondoka, ya kufunga breki, ya kukaribia stesheni. Mtia makaa haruhusiwi kugusa kamba ya filimbi, kwa hiyo pa kujifunzia hapakuwepo. Mjane akamfundisha kwa mdomo. Namwona hata sasa akipiga ile ya kukaribia stesheni: anakunja midomo, anaanza chini, anapandisha, anaishikilia, halafu anaiacha iteremke polepole, mkono umeinuliwa kana kwamba unavuta kamba. Akamwambia kamba usiikate, iachilie. Mume wangu naye anakunja midomo. Wawili wametazamana, midomo imekunjwa! Niliacha mchi kwenye kinu nikarudi nyumbani peke yangu. Nyumbani nako mume wangu hakuniacha, akawa anazipiga akiwa anaoga, na nikamwambia kwa ukali kwamba hapa si gare, si stesheni ya treni.

Alishinda. Wote walioanguka pamoja naye walianguka tena, yeye akashinda. Kampi nzima ikaja kunipa pongezi, na mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Siku ya mshahara akaleta vitenge viwili, kimoja changu na kingine cha kumshukuru Mama. Nikavifungua. Rangi moja, maua yale yale, kama anavyonunua mtu mwenye wake wawili. Nilipomwuliza, akasema muuzaji alipunguza bei.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho nilijua kitakuwa changu peke yangu. Kampini kwetu kila mashinisti alikuwa na mkono wake wa filimbi. Akikata kona ya mwisho, ziwa likionekana, anapiga ya kukaribia stesheni, na mke wake anajua: huyu wangu, anaweka maji ya bugali motoni. Hakuna mwanamke aliyekosea. Wake wa watia makaa tulikuwa tunasikilizia za wengine. Miaka yote saba nilikuwa nimempikia mume wangu kwa filimbi ya mwanaume mwingine. Sasa na mimi nitaitwa.

Siku aliyokuwa anarudi kutoka safari yake ya kwanza, nilioga mapema, nikavaa kile kitenge, nikachekecha unga, nikaweka maji motoni kabla hata ya filimbi, nikakaa mlangoni. Wanawake walikuwa wamejaa bombani, wakinitania kwamba leo bibi arusi hashiki ndoo. Jua lilikuwa linaanza kulala. Kisha ikalia.

Ilianza chini, ikapanda, ikashikiliwa, halafu ikateremka polepole.

Bombani waliujua mkono ule, na haukuwa wa mume wangu. Hakuna aliyenitazama mimi. Wote waligeuka kutazama nyumba ya nne, na mlango wa kule ukafunguka, na yule mjane akatoka mbio. Kilemba kilimwanguka, hakukiokota. Mikono ilikuwa nyeupe kwa unga. Alipita bombani, akapita mbele yangu, miguu mitupu, akafika hadi kwenye ua wa waya kando ya reli, na pale njo akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Akasimama, mikono ile ya unga ikining'inia, na gari moshi likapita mbele yake, mume wangu juu yake akipunga mkono, anacheka, hajui kitu.

Akarudi polepole. Alipofika kwangu hakusimama.

"Maji yako itakauka, Mama," akasema.

Mume wangu alikula vizuri jioni ile. Aliniuliza kama nimemsikia, kama ilikuwa nzuri, na mimi nikamjibu nimesikia, ilikuwa nzuri. Sikumweleza. Mwaka mzima nilikuwa nimemwonea yule mwanamke wivu kwa kudhani ananinyang'anya mume, na ule wivu, nasema kweli, ulikuwa mdogo. Siku ile njo niliujua wivu wenyewe. Yeye wake amekufa, na bado alikimbia. Mimi, mwenye mume hai, filimbi ililia mwanzo mpaka mwisho na hata mlangoni sikuinuka.