Mwanachama Hai wa Barham Rovers

Imetangazwa rasmi, na inafaa irudiwe hapa kwa heshima zake zote, kwamba klabu ya mpira wa miguu ya Barham Rovers ni mali ya mashabiki wake. Tamko hilo liliandikwa kwa rangi ya bluu juu ya lango la uwanja, nyuma ya reli ya Wembley, likachapwa tena nyuma ya kadi ya uanachama. Katika London nzima aliyeliamini alikuwa mtu mmoja, Thadei Komba.

Thadei alitoka Songea mwaka 1991, akaja kusomea uhasibu. Uhasibu ulimshinda mwaka wa pili, au ada ndiyo iliyomshinda. Inategemea anayesimulia ni yeye au mkewe, Valeria. Akaishia chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka, huku ombi lake la kibali cha kuishi likilala mezani kwa mtu ambaye kila akipigiwa simu alikuwa likizo. Jumamosi moja ya 1993 alifuata kelele akajikuta kwenye dirisha la tiketi. Mama aliyekuwa ndani alimuuzia kadi, akamwambia, "Karibu, mpenzi. Sasa wewe ni mwenzetu." Serikali ilihitaji miaka sita mingine kufikia uamuzi huohuo, na haikusema mpenzi.

Sasa, kwa mtu wa Songea, kadi ya klabu si kipande cha plastiki tu. Kwao klabu ina wanachama, wanachama wana mkutano mkuu, na mwenyekiti aliyeingia mkutanoni na suti mpya anaweza kutoka bila cheo kabla soda hazijagawiwa. Ujanani Thadei alishuhudia kadi zikinyanyuliwa ukumbi mzima na uongozi ukaanguka palepale. Kwa hiyo, kwa alivyoelewa yeye, katika nchi ambamo hakuwa na hakika ya kulala mwezi ujao, tayari alikuwa na kura.

Ilikuwa kura ya timu mbovu. Barham walishuka daraja mwaka 1995, wakashuka tena 1997, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi amebeba kabati. Mwaka 1999 waliitoa kwenye kombe timu ya madaraja mawili juu yao, kwa bao lililogonga mgongo wa beki aliyekuwa anafunga kamba za viatu, na Thadei akamkumbatia askari polisi. Raundi iliyofuata walifungwa sita.

Jumatatu kama hizo alilazimika kupita dukani kwa Yogesh, muuza vyombo wa Ealing Road, mzaliwa wa Tanga, shabiki wa timu kubwa yenye makombe mengi kuliko sufuria alizokuwa nazo dukani.

"Bwana Thadei! Poleni na msiba."

"Nipe chujio la chai, Yogesh."

"Nasikia golikipa wenu kapelekwa kupimwa macho."

"Wewe timu yako umeichagua kwenye televisheni, kama sabuni. Mimi klabu yangu naimiliki."

"Anamiliki! Basi, mwenye mali, si uuze huyo golikipa?"

"Huyo nani atamnunua?" alisema Thadei, na hapo wote wawili wakacheka.

Mwaka 2003 mwenyekiti, mfanyabiashara wa mapazia, alitangaza kwamba uwanja utauzwa yajengwe maghorofa, na timu itahamia kwa muda kwenye uwanja wa watu wengine, nje kabisa ya London. Mashabiki walialikwa Jumapili mchana, wasikilizwe. Thadei alitoa kabatini suti aliyovaa kwenye kipaimara cha binti yao, Lilian.

"Unakwenda wapi na suti?" aliuliza Valeria.

"Mkutano mkuu."

"Nani kakuita?"

"Mwanachama haitwi, mama Lilian. Anahudhuria. Wakiuza pale, mimi hapa nchini ni wa wapi? Wa mashuka?"

Valeria alimnyoosha kola, akamwacha aende.

Ukumbini, mwenyekiti alionyesha michoro ya maghorofa, yenye miti ambayo ingechukua miaka thelathini kukua. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Thadei alisimama, akanyanyua kadi juu, akasema kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi bafuni:

"Mimi ni mwanachama hai tangu 1993. Natoa hoja ya kutokuwa na imani na uongozi. Wanaoniunga mkono wanyanyue kadi."

Hakunyanyua mtu. Si kwamba walimpenda mwenyekiti. Hakuna aliyekuwa amekuja na kadi. Mzee aliyekaa nyuma yake alimvuta koti kwa upole.

"Wazo zuri, rafiki yangu. Lakini hapa hatupigi kura. Klabu ni ya kampuni ya mwenyekiti."

"Na kadi hii?"

"Hiyo ni ya punguzo la skafu."

Mpigapicha wa klabu alipiga picha. Mwenyekiti alimshukuru bwana yule mwenye suti, akasema hamasa ya namna hiyo ndiyo iliyoijenga Barham, na ukumbi ukapiga makofi. Thadei alibaki amesimama mkono juu, akipigiwa makofi kwa jambo ambalo hakulisema.

Kesho yake alipita dukani. Yogesh alikuwa ameshasikia.

"Pole, bwana," alisema, akamvutia kiti.

"Ndiyo hivyo tu? Pole?"

"Nikuambie nini sasa?"

Thadei alingoja utani. Haukuja. Aliondoka bila kununua kitu.

Mechi ya mwisho Barham walitoka sare ya bila kufungana, na majira ya joto uwanja ukazungushiwa mbao. Lilian ndiye aliyeleta habari nyumbani, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba baba amekuwa mtu maarufu. Kwenye mbao, upande wa barabarani, pamebandikwa picha ya Thadei, kubwa kama mlango, mdomo wazi, kadi juu. Hakuna aliyemuuliza. Chini yake, kwa rangi ya bluu, limeandikwa lile tamko la langoni, neno kwa neno.

Kituo chake cha basi la kwenda kazini kiko hapo hapo mbele. Mbao ni ndefu kwenda juu. Ukisimama kituoni, ndani huoni kitu.