Mji wa Nyuma ya Kioo

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipotoka kijijini Miti kuja kukaa kwetu Nyalukemba, mjini Bukavu, miaka ile ya Zaïre, hakujua Lingala hata ya kusalimia. Alijua Mashi, Kiswahili na nyimbo zote za misa. Lakini kila Jumapili jioni yeye ndiye aliyetangulia kufika kwa jirani yetu, mwanajeshi mstaafu mwenye televisheni. Mtaa mzima ulikusanyika pale kutazama mchezo wa kutoka Kinshasa: mchawi aliwavuta watu kupitia kioo, akawapeleka mji wa chini ya maji, unaofanana na wetu ila kila kitu kimegeuzwa.

Mchezo ulikuwa wa Lingala, lugha ya jeshini, na jirani ndiye aliyetutafsiria, amesimama kando ya televisheni kama katekista.

"Anasema kila kioo iko na mulango," alitueleza jioni moja. "Ukijiangalia sana, ule wa ndani anatoka, weye unabakia kule."

Shangazi akashika rozari. Asubuhi tukakuta vioo vyote vya nyumba vimefunikwa vitenge. Rafiki wa baba alipokuja kutusalimia, hata vioo vya pikipiki yake vilifungwa matambara. Baba akawa ananyoa kwa kupapasa. Jumapili akaenda misa na suti ya abakosti iliyopigwa pasi vizuri na sharubu za upande mmoja tu. Padri alisita na komunyo mkononi.

"Dada, toa vile vitambaa. Watu wananicheka," baba akalalamika tulipofika nyumbani.

"Afazali bakucheke," shangazi akajibu, "kuliko nibakie na ndugu ingine mwenye sura yako."

Jioni ile baba akatufuata kwa jirani. Alikuwa amesoma Kinshasa, Lingala aliijua vizuri. Hakukaa muda, jirani akiwa katikati ya kutafsiri, akaruka kitini.

"Hakusema vile! Anasema bibi yake ametia chumvi nyingi mu sombe!"

"Papa, nyamaza, tusikie!" watu wakapiga kelele, shangazi kuliko wote. Baba akakaa. Ndipo nilipofahamu kwamba tulikuwa tunafuata mchezo ambao Kinshasa hawajawahi kuuona.

Dawa aliipata mama. Katikati ya juma alinibebesha sahani ya sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, tukaenda kwa jirani.

"Tonton, tunakuomba, ule muchawi afunge milango ya vioo. Muzee atajikata shingo."

Jirani akaonja sambaza moja, akafikiri. "Ya kwenu tu, ao ya Bukavu yote?"

"Ya Bukavu yote."

Jumapili mchawi akatokea, macho yamemtoka, akanguruma kwa kirefu. Jirani akakohoa.

"Anasema vioo vya Bukavu vimefungwa, vyote. Hana njia tena huku. Sasa atapitia Uvira."

"Na juu ya nini anakasirika vile?" shangazi akauliza.

"Weye maman, bakikufungia njia, hautakasirika?"

Tukamgeukia baba. Alijipapasa kidevu chenye makovu, akamtazama mama, akatazama televisheni.

"Ni vile amesema," akajibu. "Neno kwa neno."

Tuliporudi nyumbani shangazi aliondoa vitenge vyote kwenye vioo huku akiimba, akavikunja kimoja kimoja. Kisha akakaa, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Masikini batu ya Uvira," akasema. "Nani atabaambia?"